Vasily Shukshin: kwa nini alichelewa kuigiza katika filamu zake mwenyewe?

Mtazamaji wa Ilala anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu. Kwa muda sasa nimekuwa nikitazama filamu za zamani za enzi ya Kisovieti, zile ambazo studio ya Mosfilm imeziweka mtandaoni zikiwa na maandishi ya tafsiri chini ya picha, na aliyenishika kuliko wote ni Vasily Shukshin. Nilianza na filamu yake ya mwisho, Kalina Krasnaya, yaani Kalina Nyekundu (kalina ni mti mdogo wenye matunda mekundu), iliyotolewa mwaka 1974. Humo yeye ndiye mwandishi, ndiye mwongozaji, na ndiye anayemwigiza Yegor Prokudin, mwizi aliyemaliza kifungo chake akaenda kijijini kwa Lyuba, mwanamke ambaye walikuwa wakiandikiana barua alipokuwa gerezani. Niliimaliza usiku, nikaianza tena kesho yake asubuhi.

Baada ya hapo nilirudi nyuma kuzitafuta zilizotangulia, na hapo ndipo lilipozuka swali langu. Shukshin aliongoza filamu ndefu tano tu. Katika tatu za kwanza, za miaka ya 1964, 1965 na 1969, wahusika wakuu wote wamekabidhiwa watu wengine, ingawa katika miaka hiyohiyo waongozaji wenzake walikuwa wakimwita yeye na kumpa nafasi kubwa katika filamu zao. Katika mbili za mwisho amezibeba yeye mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na mtu hawezi hata kuzifikiria bila sura yake. Je, alikuwa akijizuia kwa makusudi, au alizuiwa, au ni bahati tu ndivyo ilivyoangukia? Na je, hatua ile ya kuingia mwenyewe mbele ya kamera ilibadilisha nini katika kazi yake?

La pili ni dogo, lakini linanisumbua. Katika Kalina Nyekundu kuna ajuza anayezungumza juu ya wanawe waliopotea. Hazungumzi kama mwigizaji hata kidogo. Ni nani yule?

Mwalimu wa Maonyesho anajibu:

Ndugu Mtazamaji, nadhani jibu lina sehemu ya bahati na sehemu ya maisha, na ile ya maisha ndiyo kubwa zaidi. Niruhusu nianzie mbali kidogo.

Shukshin alizaliwa tarehe 25 Julai 1929 katika kijiji cha Srostki, mkoa wa Altai, kusini mwa Siberia, kando ya mto Katun. Baba yake, Makar, alikamatwa mwaka 1933, wakati wakulima walipokuwa wakiingizwa kwa nguvu katika mashamba ya ushirika, akapigwa risasi. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka minne. Mama yake, Maria Sergeyevna, alibaki na watoto wawili, na kwa miaka kadhaa mwanawe alitumia jina la ukoo wa mama, Popov, kwa kuwa jina la mtu aliyeuawa na serikali lilikuwa mzigo mzito kwa mtoto. Alilirudia jina la Shukshin alipofikia umri wa kuchukua kitambulisho. Baba wa kambo aliyewalea naye alikufa vitani mwaka 1942. Yule baba mzazi alisafishwa jina mwaka 1956, wakati mwanawe alipokuwa tayari mwanafunzi jijini Moscow, na sidhani kama mtu anaweza kuelewa ukaidi wa wahusika wa Shukshin bila kuiweka habari hii moyoni.

Kijana huyu aliondoka kijijini mapema na hakupata mahali pa kutulia. Aliacha chuo cha ufundi wa magari cha Biysk kabla ya kuhitimu, akafanya kazi za mikono viwandani huko Kaluga na Vladimir, mwaka 1949 akachukuliwa katika Jeshi la Wanamaji, akawa opereta wa redio katika kikosi cha Bahari Nyeusi, hadi vidonda vya tumbo vilipomrudisha nyumbani. Huko Srostki alifanya mitihani ya sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mara tu baada ya kufaulu akawekwa kuwa mwalimu na mkuu wa shule ya jioni ya vijana wa kijiji. Mwaka 1954 mama yake aliuza ng'ombe ili mwana apate nauli ya Moscow. Yeyote aliyekulia katika nyumba inayotegemea maziwa ya ng'ombe mmoja anaelewa mama yule alikuwa ameweka nini rehani.

Alipokelewa VGIK, chuo kikuu cha filamu cha serikali, katika darasa la Mikhail Romm, darasa lilelile la Andrei Tarkovsky. Tarkovsky alikuwa mtoto wa mshairi, amelelewa kati ya vitabu na muziki. Shukshin alikuwa na miaka 25, alifika na gwanda la jeshi na mabuti, na katika insha yake ya mtihani wa kuingia aliwaeleza waombaji wenzake waliojazana kwenye korido wakijitahidi kuonekana wajuzi wa sanaa. Wengi walimwona mshamba. Romm ndiye aliyeona kuwa mshamba huyu ana jicho la mwandishi, akamhimiza apeleke hadithi zake magazetini, na hadithi yake ya kwanza ikachapishwa mwaka 1958.

Sasa narudi kwenye swali lako. Kuigiza kulitangulia kuongoza. Mwaka huohuo wa 1958, akiwa bado mwanafunzi, mwongozaji Marlen Khutsiev alimpa nafasi kuu ya kwanza katika filamu ya Fyodor Wawili, ambamo askari anayerudi kutoka vitani anamchukua mtoto yatima mwenye jina kama lake. Ukiitazama leo utamwona Shukshin yuleyule wa baadaye: mashavu yaliyojitokeza, macho membamba yanayomtazama mtu kana kwamba yanampima, na ukimya ambao mwenzake katika picha hulazimika kuujaza. Filamu yake ya kuhitimu ya mwaka 1960 aliiandika, akaiongoza, na akaigiza humo nafasi kuu. Kwa hiyo jambo hili alikwisha kulijaribu mapema. Haikuvuma, na alipopata filamu ndefu ya kwanza katika studio ya Gorky alikaa nyuma ya kamera.

Filamu hiyo, Kuna Kijana Mmoja Hivi, ilitoka mwaka 1964, na nafasi ya dereva wa lori Pashka Kolokolnikov alipewa Leonid Kuravlyov, aliyesoma naye chuo kimoja. Pashka anaendesha katika barabara ya milima ya Altai, anatongoza wasichana kwa maneno matupu, na siku moja lori linaposhika moto katika bohari la mafuta analirukia, analiendesha hadi kwenye ukingo wa mto, na kuruka dakika ya mwisho. Mwandishi wa habari anapomuuliza hospitalini kwa nini alifanya vile, hana jibu la maana. (Mwandishi huyo wa habari, kwa faida ya wapenda ushairi, anaigizwa na mshairi Bella Akhmadulina.) Filamu ilipewa zawadi huko Venice, na nyumbani ikatunukiwa kama filamu ya kuchekesha, jambo ambalo Shukshin hakulifurahia, kwa kuwa hakukusudia watu wamcheke Pashka. Katika filamu ya pili, Mwanao na Ndugu Yako, Kuravlyov ni Stepan, mfungwa anayetoroka ikiwa imebaki miezi michache tu amalize kifungo, kwa sababu moja tu: majira ya kuchipua yamefika, na amekikumbuka kijiji chake kupita kiasi. Anarudi, familia inaandaa karamu, na polisi wanamfuata usiku uleule.

Kuravlyov ndiye aliyekusudiwa pia kuigiza Ivan Rastorguev katika filamu ya 1972, Pechki-Lavochki, lakini hakupatikana, na hapo ndipo Shukshin alipoingia mwenyewe. Hii ndiyo sehemu ya bahati. Mke wake, Lidia Fedoseyeva, akawa mke wa Ivan, na binti zao wawili wadogo wakaonekana kama watoto wa Ivan. Lakini mtazame huyo Ivan. Ni dereva wa trekta ambaye maisha yake yote yamekuwa Altai, na sasa anasafiri kwa treni na mkewe kwenda likizo baharini. Ndani ya behewa abiria mmoja wa kiofisi anamkaripia kwa namna anavyozungumza, na Ivan anapanda hasira, kisha anaona haya, kisha anaionea haya ile haya yake. Pashka na Stepan walikuwa watu wa kijijini walioko kwao. Ivan ni mtu wa kijijini anayejiona kwa macho ya watu wa mjini, na huko Shukshin alikuwa ameishi miaka 18. Nina hakika kuwa mwigizaji mwingine angeiigiza ile hasira vizuri. Ile haya ya pili asingeipata.

Binti wa Makorora anajibu:

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa maelezo. Mimi nitajibu lile swali la pili, kisha nitasema jambo ambalo huenda hatutakubaliana.

Ndugu Mtazamaji, macho yako hayakukudanganya. Yule bibi hakuwa mwigizaji. Filamu ilipigwa mwaka 1973 katika eneo la Belozersk, mkoa wa Vologda, kaskazini mwa Urusi, na bibi huyo alikuwa mkazi wa kijiji kimoja cha hukohuko, akisimulia maisha yake mwenyewe, huku Lidia Fedoseyeva, anayemwigiza Lyuba, akiketi naye na kumuuliza maswali polepole. Katika hadithi, bibi huyo ni mama yake Yegor, ambaye Yegor hajamwona kwa miaka mingi. Lyuba anajifanya ametoka ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, amekuja kuangalia habari za pensheni. Yegor amekaa pembeni amevaa miwani myeusi, hasemi neno. Bibi anahesabu wanawe, nani alikufa, nani alipotea, na sauti yake haipandi wala haishuki. Ameshalia alivyolia, sasa anaeleza tu.

Angalia jinsi Shukshin alivyolipanga tukio hili, maana hapa ndipo mwongozaji na mwigizaji wanapofanya kazi pamoja. Mwigizaji mwenye majivuno angetaka kamera imfuate yeye, mtoto aliyepotea, aonekane akitetemeka. Yeye ameuficha uso wake nyuma ya miwani na kumwachia bibi picha nzima. Mtu anayelia analia baadaye, wakiwa nje, mbali, karibu na kanisa lililobomoka: Yegor anajitupa kifudifudi kwenye kilima na kuzishika nyasi kwa mikono miwili kama anayeogopa kuanguka. Na bado harudi kujitambulisha. Anasema angoje kwanza nywele za gerezani ziote, afanane na binadamu. Tunajua kwamba hatapata muda huo. Mimi sijaona katika filamu yoyote toba iliyoonyeshwa kwa ukweli namna hii, na ninaamini haikuwezekana isipokuwa kwa mtu aliyeandika maneno yale, akachagua mahali pale pa kuweka kamera, na kisha akalala mwenyewe juu ya udongo ule.

Tofauti yangu na Mwalimu ni hii: sioni kwamba kuchelewa kwake kulikuwa bahati, hata kwa sehemu. Yegor ni Stepan aliyezeeka. Stepan wa mwaka 1965 anatoroka gerezani kwa sababu anajua kuwa nyumbani kupo na karamu itaandaliwa. Yegor anamaliza kifungo chake chote na hana pa kwenda. Mlango wa kwao upo, anaupita, hawezi kuugonga. Katikati ya filamu hizo mbili Shukshin mwenyewe alikuwa ametoka kwenye kumbukumbu ya kijiji akafika kwenye hatia ya kukiacha, na hatia ya namna hiyo humkabidhi nani aiigize? Hata lile tukio la mjini, ambapo Yegor anakodi watu wa kula na kunywa naye ili apate anachokiita sikukuu ya roho, na watu wanakuja ila sikukuu haiji, nalitazama kama ungamo la mwandishi.

Watu wake walimwelewa. Filamu ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 60 katika mwaka wake wa kwanza, na ilipata tuzo kuu katika tamasha la filamu la Muungano wa Kisovieti lililofanyika Baku mwaka 1974.

Mtazamaji wa Ilala:

Mwalimu, Dada, nawashukuru sana. Nimeirudia ile sehemu ya kilimani na kanisa, na sasa naiona kwa namna nyingine kabisa. Naomba niongeze moja. Nimesoma mahali kwamba Shukshin alifariki mwaka huohuo wa 1974 akiwa kazini kwenye filamu ya mtu mwingine, na kwamba wapo wanaodai aliuawa. Kuna ukweli gani? Na kwa nini mtu aliyekwisha kupata mafanikio makubwa hivyo alikuwa bado anaigiza katika filamu za wenzake?

Mhandisi Mstaafu anajibu:

Vijana, hamjambo. Nilisoma uhandisi Voronezh katika miaka ya themanini, na Warusi niliokaa nao bwenini, hasa waliotoka vijijini, hawakumwita Shukshin; walimwita Vasily Makarovich, kwa jina lake na la baba yake, namna ambayo Warusi humtaja mtu mzima wanayemheshimu. Nilipokuja kujua habari za huyo Makar, heshima ile ilizidi uzito machoni pangu.

Ili kujibu swali lako inabidi nilete jina ambalo halijatajwa hapa: Stepan Razin, kiongozi wa Wakozaki, wapiganaji wa nyika za kusini mwa Urusi, aliyeongoza uasi mkubwa wa wakulima na kuuawa Moscow mwaka 1671. Shukshin alimbeba mtu huyu kichwani tangu mwanzo wa miaka ya sitini. Aliandika mswada wa filamu, akaandika riwaya nzima, Nimekuja Kuwapa Uhuru, na mwaka 1971 maandalizi ya filamu yalikuwa yameanza katika studio ya Gorky yakasimamishwa. Yalitajwa masuala ya gharama na ukatili wa matukio, na ni rahisi kuona kwa nini wakubwa wa wakati ule hawakuwa na hamu ya kugharimia filamu ndefu juu ya mtu aliyeinua wakulima dhidi ya dola. Razin alikusudia kumwigiza yeye mwenyewe. Kwa hiyo, ndugu Mtazamaji, unapouliza kwa nini aliingia mbele ya kamera mwaka 1972 na si kabla, mimi nasema kumbuka kwamba kwa miaka kumi alikuwa akijiandaa kwa nafasi moja aliyonyimwa. Hamu ile ilitafuta pa kutokea. Yegor Prokudin, na ule uhuru wake usiojua uende wapi, ana damu ya Razin.

Alihama studio ya Gorky akaenda Mosfilm, na huko ndiko alikotengeneza Kalina Nyekundu. Hapo ndipo Sergei Bondarchuk anapoingia katika habari hii. Bondarchuk naye alikuwa mwongozaji na mwigizaji kwa pamoja, mtoto wa kijiji cha Belozerka huko Kherson, Ukraine, lakini njia yake ilikuwa kinyume na ya Shukshin. Alikwisha kuwa mwigizaji mwenye heshima za juu kabisa za serikali kabla ya kuongoza, na katika filamu yake ya kwanza, Hatima ya Mtu ya mwaka 1959, aliigiza mwenyewe nafasi kuu bila kungoja. Kisha akatengeneza Vita na Amani katika sehemu nne, akiigiza humo kama Pierre, akitumia maelfu ya askari wa jeshi kwa matukio ya vita, na filamu hiyo ikapewa Oscar mwaka 1969. Serikali haikumnyima kitu. Mtu kama huyo ndiye aliyeweza kumfungulia mwenzake mlango, na makubaliano yalikuwa haya: Shukshin aigize katika filamu mpya ya Bondarchuk, Walipigania Nchi Yao, inayotokana na riwaya ya Mikhail Sholokhov, kisha Mosfilm impe nafasi ya kumtengeneza Razin.

Alikubali. Akapewa nafasi ya Pyotr Lopakhin, askari mwenye maneno mengi katika kikosi kinachorudi nyuma kuelekea Stalingrad katika kiangazi cha 1942, mwaka uleule aliokufa baba yake wa kambo. Upigaji picha ulifanyika katika nyika za mto Don, mkoa wa Volgograd, na waigizaji waliishi ndani ya meli iliyotia nanga karibu na makazi ya Kletskaya. Tarehe 2 Oktoba 1974 alikutwa amefariki chumbani mwake melini. Aliyemkuta ni rafiki yake Georgi Burkov, yuleyule anayemwigiza mkuu wa genge la wezi katika Kalina Nyekundu. Alikuwa na miaka 45. Taarifa rasmi ilisema ni moyo. Uvumi wa kuuawa ulianza mapema na haujawahi kuisha, na baadhi ya waliokuwa karibu naye waliuamini, lakini hakuna ushahidi uliotolewa ukathibitika. Mimi nawaomba tusiuendeleze. Tunachokijua kinatosha: mtu mwenye vidonda vya tumbo tangu ujana, aliyefanya kazi tatu kwa wakati mmoja, studio mchana na kuandika usiku kwenye madaftari ya shule kwa kahawa na sigara, na ambaye miaka mitatu ya mwisho aliitumia kubisha mlango mmoja.

Alizikwa katika makaburi ya Novodevichy, Moscow, ingawa mama yake alitamani alale Srostki. Watu waliokuja kumuaga walileta vishada vya matunda mekundu ya kalina. Mwaka 1976 alipewa Tuzo ya Lenin, naye hayupo. Razin haikutengenezwa.

Mwalimu wa Maonyesho:

Mzee wetu, shikamoo. Nimekubali hoja yako ya Razin. Inaeleza kuhamia Mosfilm, na inaeleza pia haraka ya kuipiga Kalina Nyekundu mwaka 1973. Kwa Dada wa Makorora ninabaki na jambo moja tu. Ukisema kwamba hatia haiwezi kukabidhiwa mwigizaji mwingine, tutawaelezaje wahusika wa hadithi zake fupi, zaidi ya 100, ambao hawakuhitaji uso wa mtu yeyote? Shukshin wa kwenye karatasi anamwachia mhusika aseme mwenyewe, kwa mazungumzo mafupi, na anaondoka kabla msomaji hajaamua ni nani mwenye haki. Kuravlyov aliigiza hivyo. Yegor anatuomba tumwonee huruma kwa namna ambayo Pashka hakuwahi kuiomba, na kuna siku huwa namkumbuka Pashka zaidi.

Binti wa Makorora:

Nimekuelewa, Mwalimu, na sitabishana juu ya Pashka, kwa sababu nami nampenda. Lakini ona kwamba hata katika Pechki-Lavochki alitoka nje ya hadithi kwa makusudi: mwishoni Ivan amekaa pekupeku juu ya mlima Piket, juu ya Srostki, anaitazama kamera na kutuambia kwamba basi, imekwisha. Hapo aliyekaa mlimani ni Ivan au ni Shukshin? Alitaka tusiweze kutenganisha. Tangu miaka ya sabini watu hukusanyika kila kiangazi juu ya mlima uleule kusoma hadithi zake, na tangu 2004 iko hapo sanamu yake, naye amekaa vilevile, pekupeku.

Ndugu Mtazamaji, ukimaliza zote tano, itafute pia ile ya Bondarchuk, ukatazame tukio ambalo Lopakhin anakwenda kwa mwanamke mzee wa kijijini kuomba ndoo na chumvi ili wenzake wapike kamba wa mtoni. Mama yule anampa anachokitaka, lakini kwanza anamsomea mashitaka: kwamba wao askari wanakimbia, wanawaacha akina mama na watoto kwa adui. Lopakhin, ambaye filamu nzima hakosi neno, anasimama na kupokea. Utaona ni mtu yuleyule aliyekaa kimya na miwani myeusi mbele ya mama mwingine mwaka uliotangulia, isipokuwa safari hii hana miwani. Jambo moja tu ulijue kabla: alifariki kabla ya kuingiza sauti, kwa hiyo unayemsikia ni mwigizaji Igor Yefimov, aliyeitwa kwa kazi hiyo. Sauti ya Shukshin mwenyewe itafute katika Pechki-Lavochki, pale ndani ya treni.